Watatu Mbele, Watano Nyuma

Hakuna cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la saba, nikaja Marekani kuosha vyombo hotelini Mesquite, leo nina malori sita yanayobeba mizigo kati ya Dallas na Houston, na hajazaliwa dereva wa kunidanganya mara mbili.

Kwa hiyo binti yangu alipokuja nyumbani Garland na karatasi zake za mpira wa Kimarekani, nilikaa mkao wa kumfundisha. Anasoma chuo kikuu Houston, na alikuwa anajitolea kwenye ofisi ya makocha kukata video za mechi. Kocha wa ulinzi alikuwa amewaambia yeye na wenzake wawili kila mmoja alete mpango wa kuwazuia wapinzani wa Jumamosi iliyofuata. Ambaye mpango wake utachaguliwa na ukafanya kazi, anaajiriwa. Mtoto alikuwa hali, halali, anaitaka kazi ile.

Shida ya wale wapinzani ni kwamba hawarundikani katikati. Wanatawanya watu wao mpaka kwenye mistari ya pembeni, kisha mrushaji anatazama palipo wazi. Binti akanipangia mezani: maharage ndiyo wapinzani, karanga ndiyo sisi. Karanga tatu mbele, tatu kati, tano nyuma.

Nilicheka. Nikamwambia nimelinda ghala miaka minne, na mwizi huzuiwa mlangoni, hazuiwi chumbani. Nikasogeza karanga sita mbele. Akaniacha nimalize, halafu akalivuta harage moja mpaka ukingoni mwa meza.

"Huyu anakabwa na nani, Baba?"

Nikatoa karanga moja mbele nikamkaba nayo. Akavuta harage la upande wa pili. Nikatoa nyingine. Tukaendelea hivyo mpaka mtani wangu, aliyekuwa akimenya vitunguu, akasema afadhali sasa nimefika pale mtoto alipoanzia. Nilipotazama, mbele zilibaki tatu.

Mtani huyu ni muuguzi wa Lewisville, Mpare, na mimi ni Mchaga, kwa hiyo hatusameheani hata kwenye msiba. Kwa hasira nikasema karanga hazina kilo mia na hamsini kama wachezaji wenyewe, na kwamba wakishinda kwa watatu mbele, nitozwe chochote. Hapo ndipo nilipojimaliza. Maneno kama hayo hayasemwi mbele ya mtani.

Kocha akauchagua mpango wa binti. Jumamosi tukashuka Houston: mimi, mke wangu, mtani na mumewe.

Kipindi cha kwanza wapinzani walipita katikati mara mbili kama wanaingia sokoni. Nikasimama niwaambie watu kwamba mimi nilisema. Mke wangu akanivuta shati.

"Unamshangilia nani, wewe?"

Nikakaa. Mtoto wangu alikuwa juu kule kwenye chumba cha makocha, na mimi nafurahia kupatia. Nikaomba kimoyomoyo nionekane mjinga, ombi ambalo sikuwahi kumpelekea Mungu.

Akalisikia. Kipindi cha pili wale wa nyuma walishausoma mchezo. Mpira ukibebwa, wanashuka kuwasaidia watatu wao, ukirushwa, wapo. Mrushaji anatazama kulia, pana mtu. Kushoto, pana mtu. Akizubaa kidogo tu, wale watatu wameshamlaza chini. Dakika ya mwisho tunaongoza kwa pointi nne, akarusha pembeni, na mmoja wa wale watano akaudaka yeye. Nilimkumbatia mzee wa Kimarekani nisiyemjua, na sijutii.

Binti alitukuta kwenye maegesho. Akasema, "Nimepata, Baba," akanirukia shingoni. Nikamwambia alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Mke wangu ni shahidi, maana hajawahi kunisikia nikisema hivyo.

Kabla sijafuta macho, mtani alishanivua kofia yangu pana ya wachunga ng'ombe, niliyoinunua Fort Worth, na kuivaa.

"Mchaga, kofia hii iko rumande. Utaikomboa kwa mbuzi."

Nikamwambia Mpare anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Akajibu kwamba leo kesi yenyewe ni ya mbuzi, tena wawili, na pilau ya watu arobaini, nyumbani kwangu. Tulibishana tukicheka mpaka magari yakaisha pale. Jumapili iliyofuata watu walikula, wakacheza, binti akabebwa juu juu na mama zake wa kanisani, nami nikarudishiwa kofia kwa dola mia saba thelathini na nne na senti kumi na tisa, ndiyo gharama ya mbuzi na pilau.