Misumari Kumi na Miwili

Nakiri: nilipigilia misumari kumi na miwili kwenye meza mpya ya mama, ile ya duara aliyochongewa na fundi wa soko la Gikomba. Tena Jumapili, saa chache kabla wamama wa kanisa hawajaja kwetu kwa mara ya kwanza. Shetani simsingizii. Aliyenituma ni mwalimu wa hesabu.

Ijumaa alitufundisha hesabu za saa: ukifika kumi na mbili, unaanza upya. Akasema, ruka tano tano, utapita kila namba kabla ya kurudi ulikoanza. Ruka nne nne, utazungukia tatu tu. Darasa zima likasinzia. Mimi usingizi ukanihama. Nilitaka kuona kwa macho, na nyumbani kitu cha duara kilikuwa kimoja: meza hiyo. Nikapigilia msumari ukingoni, kila mahali penye namba ya saa.

Nikachukua uzi mwekundu wa mama wa kufumia vitambaa. Nne nne: pembetatu, kwisha. Tano tano: uzi ukavuka, ukarudi, ukagusa kila msumari, na katikati ikatokea nyota! Saba saba: nyota ileile, kinyumenyume! Kumbe kugawanya na kuchora, niliodhani ni majirani wasiosalimiana, wanalala nyumba moja! Nikapiga yowe.

Dada yangu akachungulia. "Umeua nani?"

"Tano na kumi na mbili! Hakuna namba inayozigawanya zote mbili, ila moja!"

"Utakayegawanywa ni wewe. Mama yuko kwa ngazi."

Mama akaingia na kitambaa cha kanisa kichwani. Akaitazama meza. Nikaeleza mbio mbio kama muuza sabuni, kabla mkono haujainuka. Haukuinuka. Mama amesuka viondo, vikapu vinavyosukwa kwa kuhesabu nyuzi, tangu akiwa msichana Ukambani. Aliinama, akaufuata uzi kwa kidole, msumari kwa msumari, hadi wa mwisho.

"Na ikiwa kumi na tatu?"

Nikaruka kichwani: mbili mbili, tatu tatu, nne nne... "Mama! Kumi na tatu haigawanyiki! Ruka unavyotaka, utapita kote!"

Nikashika nyundo niongeze wa kumi na tatu. Mlangoni, wamama wa kanisa: "Hodi!"

Mama akaninyang'anya nyundo, akanibebesha sinia la vikombe vyote vya chai, akasema: "Hesabu umeipata, sikatai. Lakini meza yangu imeota miiba, kwa hivyo leo meza ni wewe. Simama wima, chai ya watu isimwagike."