Moyo wa Mke Kwenye Simu ya Mume

Shemeji yangu ni fundi wa majokofu, tena fundi mzuri. Nalitanguliza hilo ili nitakapofika mahali pa kumlaumu, mtu yeyote asiseme nina kisirani naye.

Karakana yake ni chumba kimoja kilichopakana na kinyozi. Ndani, majokofu husimama kwa safu kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa, mengine yamevuliwa milango, mengine nyaya zimeyatoka mgongoni. Fundi hana pupa ya kushika bisibisi. Kwanza huweka kiganja ubavuni mwa jokofu, akainamisha kichwa na kusikiliza mtambo unavyonguruma. Kisha hutoa hukumu: "Huyu anakimbia bila kupumzika. Kuna mlango umeachwa wazi mahali." Na mara nyingi huwa kweli. Mpira wa mlango umelegea, au watoto wamezoea kuusukuma kwa kisigino bila kuangalia kama umeshika.

Fundi huwakaripia wateja wake bila woga. Siku moja nilimkuta akibishana na mama mwenye duka la soda, ambaye jokofu lake lilikuwa limetoka kutengenezwa na tayari alikuwa amekuja kulalamika.

"Unalifungua mara ngapi, mama?"

"Naangalia tu kama limepoa, mwanangu."

"Sasa litapoa saa ngapi, na wewe muda wote umo ndani? Lifunge, uliache lifanye kazi yake!"

Sisi tuliokaa kwenye benchi tulicheka hadi kinyozi akatoka na mkasi mkononi kuuliza kulikoni.

Mke wa fundi huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Ni mpokezi katika kliniki ya meno, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitabu. Huandikisha wagonjwa, hupokea simu, na zaidi ya yote huwatuliza watu, kwa maana hakuna anayepanda ngazi zile akiwa na furaha. Mdogo wangu ana ulimi mtamu. Nimemwona akimchekesha mzee mzima aliyekuwa ameshavuta mlango akitaka kukimbia na jino lake bovu.

Katika kliniki hiyo yumo daktari kijana. Ni mrefu, mpole, na meno yake, tuseme ukweli, ni tangazo tosha la biashara. Fundi alikutana naye siku alipoitwa kutengeneza jokofu dogo la dawa. Daktari akamshika mkono kwa heshima akamwambia, "Shemeji, mke wako ndiye nguzo ya kliniki hii." Mume mwingine angerudi nyumbani kifua mbele. Huyu alikuja kwangu moja kwa moja, jasho likimtoka.

"Nguzo! Umelisikia neno hilo, shemeji? Mtu anamwitaje mke wa mwenzake nguzo?"

"Ulitaka amwite nani, dirisha?"

"Wewe cheka tu. Nguzo ni kitu cha kuegemea."

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Haya nayajua kutoka kwa wote wawili, kwa sababu kila mmoja alinieleza akitaka nimhukumu mwenzake. Ujumbe ulianza kumiminika kwenye simu ya mdogo wangu. Umefika? Uko na nani? Mbona umekawia kujibu? Nani huyo anacheka hapo nyuma? Siku moja alipanda mwenyewe hadi kliniki, akasimama mlangoni bila salamu, akiwakagua wanaume waliokuwa wakisubiri kana kwamba wote walikuwa wamemwibia. Bibi mwenye kliniki alimwita mdogo wangu ofisini akamwambia kwa upole unaotisha: "Binti yangu, nakupenda na kazi yako naipenda. Lakini wagonjwa wangu wakitishwa tena na mumeo, nitatafuta mpokezi mwingine." Tangu hapo mdogo wangu alikwenda kazini akijua kwamba mkate wake umeshikwa na mkono wa mtu mwenye wivu.

Hakumweleza mumewe onyo hilo. Aliniambia, "Dada, nikimwambia, atasema daktari ndiye aliyemchongea kwa bibi."

Ndipo ilipokuja ile saa ya mkononi. Fundi aliinunua katika duka la vifaa vya umeme, na muuzaji, ambaye ningependa siku moja nikutane naye uso kwa uso, alimnong'oneza: "Bosi, hii inapima mapigo ya moyo. Unamvisha mama, wewe unaona kwenye simu yako popote ulipo. Mdomo unaweza kukudanganya, moyo je?" Fundi akaileta nyumbani ndani ya kiboksi chenye utepe. Akamwambia mkewe ni ya kuhesabu hatua, kwa ajili ya afya. Yeye mwenyewe akaiunganisha na simu ya mkewe, na jioni ile ile, mkewe akiwa anaoga, akaiunganisha na yake.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna watu watakaosema ni saa tu. Si saa tu. Taa ndogo ya kijani iliyo chini yake humulika ngozi na kuhesabu damu inavyopita. Hesabu hiyo hurushwa kwa mawimbi hadi simu iliyo mkobani. Simu huichukua, hutumia bando la mdogo wangu, alilonunua kwa jasho lake, na kuisafirisha hadi kwenye kompyuta za kampuni fulani katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua, kisha hesabu ikarudi hapa mtaani na kutua katika kiganja cha mtu aliyekaa karakana akinusa gesi ya majokofu. Katika safari yote hiyo ndefu, hakuna kituo hata kimoja ambapo mwenye moyo aliulizwa kama ameridhia. Tumefundishwa tangu utoto kubisha hodi kabla ya kuingia kwa jirani. Nani alitufundisha kwamba kifua cha mke hakina mlango? Napinga jambo hili hadharani, na nampinga kila anayeuza kifaa cha namna hiyo bila kumweleza atakayekivaa.

Basi fundi akaanza kuusikiliza moyo wa mkewe kama anavyousikiliza mtambo wa jokofu. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mstari mwekundu. Asubuhi mstari ulipanda: mke alikuwa akipanda ngazi za kliniki, lakini yeye ngazi hakuzifikiria, alimfikiria aliyekuwa juu ya ngazi. Hapo hapo akatuma ujumbe: Uko na nani? Baada ya muda mfupi mstari ukapanda zaidi. "Unaona?" alimwambia kinyozi, aliyekuwa amekuja kuchungulia. "Wameshtuka. Wamejua nimewagundua."

"Labda ni wewe uliyemshtua," kinyozi akasema.

"Wewe nyoa vichwa, kaka. Mambo ya mitambo niachie mimi. Ukiona mtambo unakimbia, kuna mlango umeachwa wazi mahali."

Ikawa ndiyo kazi yake ya pili. Mstari ukipanda, anatuma ujumbe. Ujumbe ukifika, mstari unapanda. Majokofu ya watu yalilala chali wiki nzima. Aliacha kula vizuri, akakonda, na usiku alikuwa akilala amempa mkewe mgongo huku akijua kwa hakika, kwa namba, kwamba moyo ulio nyuma yake umetulia. Hilo pia lilimuuma. Alinitamkia kwa uchungu usio na aibu: "Kwangu moyo wake unalala, shemeji. Kule unacheza ngoma."

Wakati huo sikujua anasema nini. Nilidhani ni mafumbo ya mtu aliyechoka.

Hatimaye akaamua kwenda kuwafumania. Aliiwekea simu yake mlio, ili moyo wa mkewe ukivuka kiwango alichochagua, simu ilie. Kisha akapanda kliniki amejishika shavu.

"Umefuata nini?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na watu wawili kwenye viti na mlango wa bibi mwenye kliniki ulikuwa wazi.

"Jino."

"Jino lipi? Asubuhi umepasua karanga kwa hayo hayo meno."

"Limeanza sasa hivi. Ama wagonjwa wengine wanaruhusiwa, mimi siruhusiwi?"

Mdogo wangu akamwandikisha. Angefanya nini? Alikuwa akihesabu kichwani kodi ya nyumba, ada ya mtoto, na mahali ambapo mpokezi aliyefukuzwa anaweza kwenda kuomba kazi.

Daktari alimlaza fundi kwenye kiti, akawasha taa, akaomba afungue mdomo. "Lipi linauma, shemeji?" Fundi akaonyesha jino la nyuma, lolote tu. Daktari akaligonga, akachungulia, akashangaa. "Umevumilia mengi. Limeoza hadi ndani kabisa." Kwa hiyo mwongo alikuwa na ugonjwa wa kweli asioujua. Akadungwa sindano ya ganzi, simu yake ikawekwa juu ya trei kando ya pamba, na daktari akaingiza mikono miwili kinywani mwake.

Simu ikalia.

Ililia kwa sauti kali kama king'ora. Fundi akageuza macho bila kuweza kugeuza kichwa. Mkewe alikuwa nje, mezani kwake, na karatasi zake tu. Mwanamume ambaye fundi alikuwa akimwonea wivu alikuwa hapa, vidole vyote kumi, meno yote meupe, ameinama juu ya uso wake. Hakukuwa na mwingine wa kumshuku. Na bado simu ililia.

Daktari, kwa wema wake, alisoma kioo kilichokuwa kikimulika. Uso ukambadilika, naye akaita kwa sauti ambayo kliniki nzima iliisikia: "Dada! Njoo hapa haraka! Simu ya mumeo inasema moyo wako unakwenda mbio. Unajisikia vibaya? Kaa chini kwanza!"

Mdogo wangu akaja hadi mlangoni. Akaitazama simu, ambapo kulikuwa na picha yake mwenyewe na mstari mwekundu. Akaitazama saa mkononi mwake. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa amelala mdomo wazi, hawezi kusema neno la kujitetea.

"Sijisikii vibaya, daktari," alisema. "Naogopa. Endelea kumziba jino."

Akaifungua ile saa, akaiweka kwenye trei karibu na simu, akarudi mezani kuita mgonjwa aliyefuata. Jioni hakwenda kwake. Alimchukua mtoto shuleni, akaja kwangu.

Fundi alifika giza likiingia, shavu moja limelegea kwa ganzi, anatafuna maneno. Nilitaka kumfungia mlango. Mdogo wangu akasema, "Mwache aingie, dada, lakini usiondoke." Tukakaa watatu sebuleni, mtoto amelala chumbani.

"Nilitaka kujua tu," fundi alianza.

"Kujua nini?"

"Kama unanipenda."

"Ndiyo ukanifunga mtambo?" Mdogo wangu hakupandisha sauti. "Kila simu yako ikilia, naangalia kwanza kama mlango wa bibi uko wazi. Nikikuona mlangoni pa kazini, naanza kuhesabu kodi ya nyumba. Bibi alishaniambia nikitia aibu tena natoka. Leo nimeponea kwa sababu daktari alimwambia nina shinikizo la damu. Amenidanganyia, mtu ambaye unamtukana kila usiku!"

Fundi alijipapasa shavu lenye ganzi.

"Yule mama wa soda ulimwambiaje?" mkewe akauliza.

"Mama gani?"

"Mwenye jokofu. Ulikuja nyumbani ukamwiga, tukacheka mpaka machozi. Anafungua, anafunga, anafungua, kisha analalamika halipoi. Ulimwambiaje?"

Nilimwona fundi akiweka kiganja juu ya goti lake mwenyewe kama anavyokiweka ubavuni mwa jokofu. Alikuwa amelielewa jambo kwa lugha yake ya kazi, na liliingia mahali ambapo maneno yangu yote ya miaka hayakuwahi kufika.

"Nilimwambia alifunge," alisema.

"Basi."

Akatoa simu. Alipofika kwenye kitufe cha kufuta ile programu ya saa, kidole kilisimama, na nataka msomaji ajue kwamba kilisimama kwa kweli, kwa sababu wivu si vumbi la kupangusa mara moja. Alimtazama mkewe kama mtu anayeomba kuchungulia mara ya mwisho. Mkewe hakumpa ruhusa wala hakumkataza. Akabonyeza. Kioo kikabaki na picha ya mtoto tu.

"Sasa unajisikiaje?" aliuliza, mdomo umepinda upande. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze kumuuliza yeye mwenyewe.

"Nimechoka. Na nina hasira nawe. Nenda nyumbani."

Akaenda peke yake. Mdogo wangu alikaa kwangu majuma kadhaa, na kazini aliendelea kwenda. Ujumbe ulikuja mmoja kwa siku, jioni, wa kumuulizia mtoto. Muuzaji wa saa bado anauza saa zake kwa mnong'ono ule ule, nami nimeshamwendea dukani na kumwambia mbele ya wateja wake ninachokifikiria.

Wivu wa fundi haujamwisha. Juzi alinipigia kuniuliza kama yule daktari ameoa. Nikamwambia amuulize mkewe. "Nimemuuliza," alisema kwa huzuni. "Amesema nikamuulize daktari."

Na nafasi ya kumuuliza aliipata, kwa sababu lile jino lilikuwa limezibwa kwa muda tu, na ilikuwa lazima arudi. Safari hii alimpigia mkewe kwanza. "Naweza kuja?" Akajibiwa, "Njoo Alhamisi. Kama mgonjwa." Alikuja, akawaamkia waliokuwa wakisubiri, akakaa kwenye kiti cha mwisho, mikono juu ya magoti, hadi mkewe alipoinua kichwa na kusema, "Anayefuata."

Moyo wa mdogo wangu ulikwenda vipi saa ile, sijui. Hajaniambia, na sasa hakuna mahali pengine pa kuangalia.