Jina la Nne

“Mpangaji wako mbona kutwa anaongea na nukta?” jirani aliniuliza. Kweli, binti huyo hukaa dirishani na kompyuta yake akipanga marejeo ya makala, maana kila jarida lina mtindo wake: hili linataka mwaka mbele, lile nyuma. Akibonyeza, majina yote huhama taratibu kama mawingu, naye hunong’ona, “We mkato, rudi kwenu.” Makala imesharudishwa mara mbili, Mungu ampe subira. Leo jarida lilitaka kila kitabu kitajwe kwa majina matatu tu ya waandishi, waliobaki waitwe “na wenzake”. Kwenye kitabu kimoja, la nne ni la marehemu mwalimu wake. Alibonyeza, likayeyuka, kidole kikabaki hewani.

“Mama,” akaniambia, “ukisali leo, mtaje mwalimu wangu kwa jina lake lote.”