Mama Niliyemgeuza Ndege

Shule niliingia miaka miwili tu, halafu baba akasema ndagala hawaulizi diploma, njoo tuvue. Kwa hiyo ukiona maneno yangu yanapinda, yaache yapinde, yatafika.

Nilikuwa mvuvi wa Rumonge, mtaa wa Waswahili, nyumba ya nne kutoka ziwani. Ndagala ni samaki wadogo, wanavuliwa usiku kwa taa: unawasha, wanakuja kushangaa, unawafunika kwa wavu. Vita vilipofika kwetu, wanajeshi wakakataza mtu kuingia ziwani usiku. Walisema mitumbwi inavusha vitu ambavyo si samaki. Mingine ilivusha kweli, sitaficha. Wangu ulikuwa na samaki tu, lakini amri haikuuliza wa nani una nini. Nyavu zangu zikakauka juu ya ua mpaka mijusi wakazifanya kwao.

Sasa, kulikuwa na Mukongomani amepanga chumba kwangu, mfanyabiashara wa vitenge. Alipoona mambo yanachacha akarudi Uvira, akaniachia televisheni, mashine ya video, grupe ya kutoa umeme na mfuko wa kaseti. Akasema, "Muzee, tumia, nikirudi tutaongea." Hajarudi mpaka leo. Nikatoa mitego na makasia katika kibanda cha nyavu, nikatandika mikeka, nikafungua sinema. Tulionyesha alasiri tu, maana jua likizama kila mtu awe kwake. Harufu ya samaki haikutoka. Watu walisema sinema yangu unaiona kwa macho na kwa pua.

Kaseti nyingi zilikuwa za watu kupigana risasi. Hilo sijalielewa mpaka leo: mtu anakimbia risasi mlimani, anashuka Rumonge, anakuja kwangu kutazama risasi. Baada ya muda wanawake wa mwaloni, wale wanaoanika samaki, wakanijia. Mmoja mnene mwenye sauti akasema, "Wewe baba, huna kitu chochote ambacho watu hawafi ndani yake?" Nikatafuta mfukoni. Nikapata kaseti moja ya picha za kuchora, za Kijapani, zinasema Kifaransa.

Ilikuwa hadithi ya wasichana watatu wachawi. Mmoja nywele nyekundu, mmoja za manjano, mdogo wao nywele za bluu kama sabuni ya mche. Wanapanda mifagio wanaruka. Wakishikana mikono mwanga unatoka katikati, na adui, hata awe mkubwa kama kanisa, anarudi nyuma. Yule mwekundu alikuwa anampenda mvulana mwenye miwani, na kila akimwona anaanguka kutoka juu ya mfagio. Hapo wanawake walicheka mpaka wanashikilia mbavu. "Anguka tena, dada! Ndivyo tulivyoanguka sisi, na tazama tulichookota!"

Mwalimu wa madrasa alinisimamisha njiani. "Nasikia unafundisha watoto uchawi."

"Hawa ni wachawi wazuri, mwalimu."

"Mchawi mzuri ni kama nani? Kama mamba anayekula majani?"

Alasiri ile nilimwona amesimama nje, anachungulia penye mbao zilizoachana. Sikumwambia mtu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama kando ya televisheni na fimbo, nieleze wanasema nini. Kila sinema ilikuwa na mtu kama huyo. Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia, na maneno mawili matatu ya bariyeri, pale wanajeshi wanapofunga njia: karatasi, simama, pita. Basi nikawa natunga. Natazama mdomo, natazama machozi, natunga. Waliojua Kifaransa walikuwa wamekwisha kwenda Bujumbura, nani angenisahihisha?

Nilisahau kwamba kulikuwa na mtu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nitamfikia.

Katika ua wangu walikuwa wanalala watu waliokimbia kutoka milimani, upande wa Bugarama. Mmoja alikuwa mwanamke na mtoto wa dada yake, msichana wa miaka tisa au kumi. Siku waliyokimbia, mama wa mtoto alisema, tangulieni, nafungua mbuzi. Hakuwafikia. Hakuna aliyemwona akiuawa, na hakuna aliyemwona akiwa hai. Kila siku ya soko yule mtoto alikaa penye njia ya kushuka kutoka mlimani, anauliza kila mwanamke mwenye mzigo, kwa Kirundi chake cha chini chini, kama wamemwona mama. Wale wanawake walitazama miguu yao, wakapita. Akirudi nyumbani hali kitu. Mama yake mdogo alimwekea bugali mbele, bugali inapoa, inatoa ganda.

Binti yangu alikuwa rika lake, yuko mwaka wa tano shuleni. Ndiye aliyemwingiza kwenye sinema. Wakawa wachawi wawili wanaotafuta wa tatu, na hawakumpata, kila mtoto waliyemjaribu walimkataa. Mifagio waliichonga kwa vijiti vya mgazi, ule mti wa mawese. Siku moja nakuta wavu wangu mmoja umekatwa vipande viwili vikubwa. Nikapiga kelele. "Nani amekata wavu?" Wanatoka nyuma ya choo, wamefunga vile vipande shingoni, vinaburuta chini, vya bluu. Ni majoho, binti yangu akasema, ya kurukia. Nikaangalia yule mwenzake: alikuwa anacheka. Tangu aje sikuwahi kuona meno yake. Nikasema haya, lakini msikate mwingine.

Basi, ile sehemu ya kaseti. Mchawi mdogo, yule wa bluu, anaingia chumbani, mama yake yuko kitandani hasogei. Wenzake wawili wanamshika. Wanaongea kwa muda mrefu. Kisha dirishani anatua ndege mweupe, anakaa, anaruka.

Nilikuwa na fimbo mkononi. Nikamwona yule mtoto mkekani, mbele kabisa, na wavu wake shingoni, ananitazama mimi, si televisheni. Ananingoja mimi niseme. Mimi nikasema, "Mnaona? Mama hakufa. Amegeuka ndege. Adui walipokuja, alijigeuza."

Watu wakapiga makofi. Jioni ile yule mtoto akala. Mama yake mdogo akaja mlangoni, akanishukuru kwa mikono miwili, "Murakoze cane, muzee." Nililala kama mtu aliyevua vizuri.

Ningeishia hapo ingekuwa uongo mmoja tu. Kesho yake akanifuata nilipokuwa natia mafuta kwenye grupe.

"Muzee, yule ndege iko wapi?"

"Pale pale alipogeukia. Hawezi kuondoka."

"Anangoja nini?"

Nikajiona nina akili. Nikasema, "Anangoja mutoto wake aje kumwita. Mara tatu."

Siku ya tatu yake asubuhi hakuwepo. Wavu haukuwepo, mfagio haukuwepo. Binti yangu alikaa kimya mpaka adhuhuri, maana walikuwa wameapa kwa kushikana mikono kama wale wa kwenye kaseti. Adhuhuri akalia, akasema, "Amekwenda kumwita mama yake."

Nilikwenda mbio mpaka bariyeri. Mwanajeshi kijana akacheka. "Mtoto mwenye wavu wa samaki? Amepita na wanawake wanaokwenda kuchimba mihogo. Nikamwuliza unavua nini mlimani, akasema anaruka." Nikaomba kupita. Akasema huko kuna mapigano tangu juzi, wanaume hawapiti. Nitasema jambo baya sasa: aliponikatalia, miguu yangu ilifurahi. Nilisisitiza kidogo, kwa mdomo, ili niwe nimesisitiza. Kisha nikageuka.

Usiku huo na uliofuata tulisikia milio huko juu. Mama yake mdogo hakunitukana. Alikaa mlangoni, anachambua maharage yale yale, akimaliza anayachanganya tena, anaanza. Afadhali angenitukana.

Mtoto alirudi siku ya tatu alasiri, na wanawake wawili wenye mizigo ya mihogo. Miguu imevimba. Mfagio anao. Wavu hana. Mama yake mdogo akamkumbatia, akampapasa mwili mzima kama anatafuta kilichokatika. Mimi nikasimama pale na upumbavu wangu, na neno lililonitoka ni la mvuvi.

"Wavu uko wapi?"

Akanitazama. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili alichojifunza kwa binti yangu, "Nimemufunika."

"Nani?"

"Mama. Iko nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilimwita mara tatu. Hakuna ndege, muzee." Kisha akaongeza, kama mtu anayekueleza kitu kidogo cha nyumbani, "Kamba ya mbuzi iko nayo mukononi."

Hakukasirika. Alikuwa akinipita uani kama unavyopita mti. Baada ya siku chache mama yake mdogo akapata watu wa kuwavusha kwa njia ya Kabonga mpaka Tanzania. Wakati wa kuondoka wale watoto wawili walishikana mikono, wakasimama hivyo muda mrefu, wakaachana. Nilikuwa karibu, nikamwambia yule mtoto nenda salama. Akaitikia akimtazama binti yangu, si mimi.

Jioni yake nikamwuliza binti yangu, kwa sababu ndipo nilipokumbuka kwamba shuleni wanasoma Kifaransa.

"Pale kwenye kaseti, mama na ndege. Walisema nini?"

Akachezea kidole cha mguu mchangani. "Walisema amekufa, baba. Wale wakubwa walimwambia mdogo, mama yako amekufa, hatarudi, sisi tutakaa na wewe. Walikaa naye. Yule ndege ni ndege tu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Aliniuliza mimi, usiku. Akasema, baba yako anasema kweli? Nikasema ndiyo." Akaanza kulia. "Wewe ni baba, ningesema nini?"

Basi wale Wajapani, walioko mbali kuliko hata kule mahujaji wanakokwenda, walikuwa wamemwambia mtoto ukweli, na wakampa watu wa kukaa naye. Mimi niliye jirani yake nikampa ndege.

Wanawake walipoiomba tena ile kaseti, nikaiweka. Tukafika pale. Nikashusha fimbo nikasema, "Mama yake amekufa. Hatarudi. Wenzake wanasema watakaa naye."

Yule mnene akapaza sauti, "Eh! Turudishie ndege wetu!" Wengine wakacheka. Mimi nikasema tena, amekufa. Kicheko kikakatika. Nyuma mwanamke mmoja akaanza kulia, kisha mwingine, na pale ndani, hakika, hapakuwa na mtu asiye na mtu wake aliyemwacha mahali. Yule mnene alisogea mkekani akamshika jirani yake. Grupe ikaendelea kunguruma, wasichana wakaendelea kuruka, hakuna aliyetazama. Kesho yake walikuja watu sita. Baada ya wiki nikafunga, nikarudisha makasia yangu kibandani.

Njia ya mlimani ilifunguliwa baada ya miezi minne. Nilisema hapo juu miguu yangu ilifurahi. Safari hii niliibeba kwa nguvu. Nilikwenda na majembe, na mwalimu wa madrasa, ambaye sikumwomba, akafuata. Nyumba ilikuwa imeungua. Nyuma, kwenye migomba, majani makavu yalikuwa yameangukia kila kitu, nisingeona. Niliona bluu. Wavu wangu, tundu zake ndogo ninazozijua, ameutandaza vizuri, na kwenye pembe zote nne ameweka mawe usipeperuke.

Tulichimba pale pale. Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo kama tuutoe wavu kwanza. Nikasema hapana.

Huko Tanzania kambi ni nyingi, na mimi si mtu wa kuandika barua. Nilimtuma kila aliyevuka aulize, hakuna aliyeleta jibu. Atakuwa mwanamke mtu mzima sasa. Binti yangu bado ananiuliza, kila akija kunitembelea, kama vile naweza kuwa nimesahau: "Baba, mlimfukia na wavu wake?"

Namwambia ndiyo. Na mawe yote manne.