Mkunga wa Mayai

Shemeji aliwahi kumvuta mwanambuzi mmoja tu kutoka tumboni mwa mama yake, na tangu siku hiyo akataka aitwe Mkunga. Walioshuhudia wanasema mbuzi mwenyewe alikuwa ameshamaliza kazi, zimebaki kwato za nyuma tu. Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Alihamia kwa kaka yake kwa wiki moja, na sasa alikuwa ametimiza miezi minane, anakula, analala na kutoa ushauri.

Mke wa kaka yake, fundi cherehani, alimvumilia kwa ajili ya undugu. Mwaka huo ugonjwa wa mdondo ulimfyekea kuku wote wa mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Yakabaki mayai kumi na moja, na hakuna aliyekuwa na mbegu ile tena. Aliyatia kwenye sanduku lenye taa chini ya meza ya kukatia nguo, akawa anaacha cherehani mara tatu kwa siku kwenda kuyageuza.

Siku ya ishirini na moja maganda yakaanza kutoboka. Fundi alikuwa na gauni la mteja la kupeleka.

"Usiguse, shemeji," alisema mlangoni. "Kifaranga akishatoboa, anapumzika hata siku nzima. Atatoka mwenyewe."

"Mimi tena? Unanifundisha uzazi mimi?"

Aliporudi alikuta sanduku wazi. Vifaranga kumi walikuwa wamelazwa juu ya gazeti, wamelowa, damu imewaganda, viini vya njano vikining'inia vitovuni. Hata mmoja hakupumua. Mkunga alikuwa ameketi kando, amekunja mikono ya shati.

"Walikwama, shemeji. Nimewazalisha, lakini walikuwa dhaifu."

Fundi aliinama juu ya gazeti. "Mbuzi unamvuta kwa sababu akikwama anakufa na mama yake. Huyu kifaranga mishipa yake ya damu imeshikana na ganda, na chakula chake hakijaingia tumboni. Ulikuwa unamchuna akiwa hai."

Mkunga alichungulia sanduku. Sandukuni lilibaki yai moja, zima, halina hata ufa.

"Hili je? Hili sijaligusa."

Fundi alikuwa amelimulika kwa tochi tangu siku ya saba, akaona halina kifaranga. Alikosa tu moyo wa kulitupa.

"Hilo lako, Mkunga," alisema, akaanza kukunja gazeti. "Lizalishe."