Sekunde Tatu

Televisheni ilipokuwa changa, jirani yangu huyu wa hapa mtaani Amerat alikuwa mpiga kengele kwenye mashindano ya chemshabongo, yaliyorushwa moja kwa moja. Mshindani alipewa sekunde kumi za kujibu kabla ya kengele. Mpaka leo ukimuuliza kitu, hata kama ni sukari vijiko vingapi, huvuta punje kumi za tasbihi ndipo ajibu. Watoto humcheka.

Juzi, kwenye hitima ya dada yangu, nilimuuliza: "Ami, unaikumbuka siku ile marehemu aliposhindwa kwenye chemshabongo?" Punje zikafika saba, zikasimama. "Hakushindwa," akasema, macho kwenye zulia. "Nlipiga kengele kwenye saba. Nliambiwa ashinde mtoto wa mkubwa."

Dada yangu amekwenda kaburini akijiita mzito wa kichwa.