Aliyemwita Projest Chifu

Nolasco wa Igurwa alijaliwa sauti. Akishika kipaza sauti, hata wachuma kahawa ng'ambo ya bonde walijua harusi imeanza. Kibanja alichoachiwa na baba yake kingeweza kumlisha yeye na mkewe Vero, lakini migomba haipigi makofi, na Nolasco alipenda makofi. Akawa MC. Kazi yake ikawa kuwamwagia watu sifa: mwenye kiduka akawa tajiri wa mkoa, mwalimu wa chekechea akawa profesa, na kila mjomba aliyevaa koti akawa mheshimiwa.

"Ipo siku utamvika mtu cheo kisichomwenea," Vero alimwambia.

"Sifa haimuui mtu," Nolasco akajibu, akaendelea kupiga pasi suruali yake nyeupe.

Siku ile harusi ilikuwa Rugu, nyumbani kwa mzee Projest. Kijana wa ukoo wao alikuwa anamwoa Joanitha, binti wa Songambele, upande wa Kyerwa. Projest ndiye aliyekuwa omukuru w'oruganda, mkuu wa ukoo. Watu wakigombania mpaka wa kibanja, yeye ndiye aliyekwenda kuutazama. Mtu akifa, yeye ndiye aliyesimamia urithi. Hakuwa na askari wala jela. Alikuwa na fimbo ya kutembelea, na subira ya kumsikiliza mtu hadi mwisho.

Mwanawe Jovin hakuwa na subira hiyo. Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu Geita, shingo nene, mfuko mtupu, na kiu ya kuheshimiwa. Kabla wakwe hawajaketi, alimfuata Nolasco nyuma ya maspika.

"Kaka, leo mzee utamtambulisha vipi?"

"Mkuu wa ukoo. Si ndivyo alivyo?"

"Wakuu wa ukoo wamejaa kila kilima. Huoni siku hizi machifu wamerudi? Wanakaa meza kuu na wakubwa. Mwite chifu."

Nolasco alijua kuwa si kweli. Chifu hutawala hata watu wasio wa damu yake. Karagwe ilikuwa na mfalme wake, Omukama, na ukoo wa Projest haukuwahi kukaribia kiti kile. Mkuu wa ukoo ni wa ukoo wake tu, basi. Lakini lilikuwa neno zito, tamu mdomoni, na Nolasco alishaanza kusikia makofi yake.

Projest alipotokea mlangoni, Nolasco akavuta pumzi. "Simameni nyote, wenyeji na wakwe! Anaingia Chifu Projest! Chifu wa Rugu yote, na kuanzia leo, chifu wa wakwe zake wa Songambele!"

Projest akainua mkono. "Mwanangu, mimi si chifu," alisema, lakini ngoma zilishamfunika.

Vijana wa Rugu wakasimama kwa vifijo. Upande wa wakwe hakuna aliyeinuka. Byarugaba, mjomba wa bibi harusi, akaweka chini kata yake ya rubisi taratibu.

"Nisimame kwa ajili ya nani? Sisi tumeleta binti," akasema. "Hatukuleta kodi."

Jovin akamwendea. "Simama, chifu anapita."

"Labda chifu wa mbuzi wako."

Jovin akamkaba kola, akamwinua. Byarugaba akampiga kichwa cha pua, damu ikamwagika juu ya shati. Hapo benchi la wakwe likainuka lote kwa pamoja. Mtungi wa rubisi ukapasuliwa kichwani mwa mtu. Wanawake wakakimbilia jikoni na watoto mgongoni. Kijana mmoja wa Songambele akaangushwa juu ya mafiga, akainuka akilia, nyama ya mkono ikiwa imeungua.

Nolasco, juu ya jukwaa la mbao, akafanya alichozoea kufanya. Akaongeza sifa. "Tulieni! Mzee Byarugaba naye ni chifu! Chifu wa Songambele!"

Ilikuwa kama kumwaga mafuta ya taa. "Machifu wawili uwanja mmoja?" mtu akapiga kelele, na mawe yakaanza kuruka.

Jovin, uso mzima umejaa damu, akang'oa bomba la chuma la turubai. Akalizungusha kumlenga Byarugaba. Projest alikuwa ameshaingia kati yao, mikono wazi, bila fimbo yake. Bomba likampata nyuma ya sikio. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama wa boga linapopasuliwa. Mzee akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi kwenye rubisi iliyomwagika.

Nolasco aliona. Jovin alipoinua macho, yalikutana na ya Nolasco.

Jovin akalitupa bomba miguuni pa wakwe. "Wamemuua! Songambele wamemuua chifu wetu!"

Wakwe wakakimbia kupitia migombani. Mmoja wao alikamatwa mtaroni, akapigwa kwa mwichi hadi mkono ukavunjika mara mbili. Joanitha wangemrarua na shela lake, kama Kokubanza, dada wa marehemu, hangemfungia ndani ya nyumba na kukaa mlangoni na panga mapajani. "Aingie anayetaka," aliwaambia. Hakuna aliyeingia.

Polisi walipokuja, kila mdomo wa Rugu ulisema ni Songambele. Nolasco alisema hakuona. Vero alimkanda mdomo uliopasuliwa na jiwe, akimtazama.

"Uliona," akasema.

"Wataniua, mama."

Vero alikamua kitambaa, maji yakawa mekundu.

Siku ya maziko Jovin alituma vijana wakamlete Nolasco. Kaburi lilikuwa limechimbwa kibanjani, katikati ya migomba. Barabarani Fuso lilikuwa linanguruma, na vijana wenye mapanga na marungu walikuwa wameshaning'inia ubavuni mwake.

"Utasema chifu ameuawa na Songambele," Jovin alimnong'oneza. "Basi. Tukishafukia, tunaondoka kwenda kwao."

Nolasco akashika kipaza sauti. Alimwona Kokubanza kando ya jeneza, akaanza kusema huku akimtazama yeye tu.

"Shangazi, na ndugu zangu. Nilimwita mzee huyu chifu. Niliongopa, naye mwenyewe alinikataza. Hakuwa chifu wa mtu. Alikuwa omukuru w'oruganda. Chifu akiuawa, watu wake huenda vitani. Mkuu wa ukoo akiuawa, ukoo hukaa chini ukaulizana: nani kati yetu?"

"Kati yetu?" mtu akauliza.

"Niliona. Bomba halikushikwa na mtu wa Songambele."

Hakuhitaji kutaja jina. Jovin alishalichomoa panga kiunoni mwa jirani yake. Nolasco akainua mkono kujikinga, panga likapita kwenye vidole, vikaanguka udongoni pamoja na kipaza sauti, na maspika yakapiga yowe. Jovin akainua tena. Kokubanza, mwanamke wa mvi, alichukua jembe la wachimba kaburi, akampiga mpini magotini kwa nguvu zake zote. Jovin akaanguka ukingoni mwa kaburi.

Vijana wakaruka kutoka kwenye Fuso. Walewale aliowaandaa kwenda kuua walimzingira kwa mateke na marungu, na jicho lake moja likatoka pale pale. Wangemmaliza. Kokubanza akajitupa juu yake, akapigwa rungu la bega kabla hawajamtambua.

"Namzika kaka yangu!" alipiga yowe. "Mtoto wake simziki leo!"

Wakaacha. Kaburi likafukiwa na watu wachache, bila wimbo.

Jovin alihukumiwa kifungo. Ukoo ulikaa, ukachagua mkuu mwingine, mtu mpole asiyejulikana sana. Joanitha alibaki na mumewe. Byarugaba hajakanyaga Rugu tena. Nolasco alipomwendea Songambele kuomba radhi, alikaribishwa kiti lakini hakupewa hata maji. Huko Rugu nako wapo wasioitikia salamu yake, wanasema alimuuza mtoto wa watu msibani kwa baba yake.

Anashika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto sasa, na harusi anazopata ni chache. Kila anapoitwa, huenda kwanza kwa wazee wa pande zote mbili, huwaamkia, akauliza kila mmoja aitwe nani.

Kokubanza akienda gerezani na ndizi alizopika, Nolasco humpakia kwenye pikipiki yake, kisha humngoja nje chini ya ukuta. Safari ya mwisho alitoka amechelewa, kanga imelowa machozi.

"Amekuulizia mkono," akasema.

"Ukamwambiaje, shangazi?"

"Nimemwambia umepona."

Nolasco akautazama mkono wake, akaushusha. "Panda," akamwambia. "Mvua inakuja."